Waya Uliofungwa kwa Uzi

Sale, 18 Januari 2025

Baba, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute umekaa mlangoni pa karakana unaota jua, si kitandani. Sisi huku tupo. Shule imefunguliwa na nimepewa darasa la tatu. Madawati hayatoshi, na wale watoto wa wafugaji bado wako malishoni, kwa hiyo kila wiki naletewa wapya wawili watatu waliokwisha kusahau hata kushika kalamu. Yule mbuzi wangu mweusi alizaa mapacha, mmoja akafa. Jua ni kali mno na majani yamekwisha.

Ningempigia simu Stumai akueleze, lakini ulishanikanya kwamba mambo yako hayapiti mdomoni mwa jirani. Na kupiga kelele kwenye simu usiyoisikia, Baba, nimechoka. Ndiyo maana naandika.

Ile amplifaya uliyoijengea kwaya ya kigango chetu inachemka. Si valvu, zile taa za kioo, hizo najua ni za moto siku zote. Ni transfoma. Inakaa kwangu sebuleni kwa sababu kanisani hapana mlango wa kufunga, na siku hizi nikipita karibu nasikia joto lake kwenye sketi. Inatoa harufu ya sufuria iliyosahauliwa motoni. Silvanus, mwenyekiti wa kwaya, anataka tuitupe, tununue moja ya plastiki kutoka Arusha. Nimemwambia hii imejengwa na baba yangu na itaimba Pasaka, apende asipende. Sasa nimeshasema, nisaidie nisiaibike.

Mengine ni ya kawaida. Kuna jina uliloniambia nisiliandike tena kwenye barua zangu. Sijaliandika.

Mwanao,
Leonida


Karatu, 6 Februari 2025

Leonida mwanangu,

Marahaba. Barua yako ililala kwa konda wa basi pale Mto wa Mbu mpaka akaikumbuka. Nipo. Goti linauma, masikio ni yale yale, yaani hakuna. Stumai bado ananipikia mchana, na chumvi anaimwaga kana kwamba ananikausha nisioze. Mbaazi zimeingia wadudu. Magari ya watalii yanapanda kwenda kreta kutwa nzima, mimi naona vumbi tu, na kwa kweli sioni nilichokosa.

Sasa transfoma. Usiniambie inachemka, chai ndiyo inayochemka. Fanya hivi. Weka mgongo wa mkono juu ya chuma, uanze Baba Yetu kwa mwendo wa misa, si mwendo wa watoto wenye njaa. Ukifika Amina na mkono ungali pale, haina ugonjwa. Ukiondoa mkono kwenye "utusamehe makosa yetu", mzigo umezidi. Ukishindwa hata kufika kwenye mkate, izime, mtaunguza nyumba ya serikali.

Kisha chomoa valvu zote, uiwashe, uiache muda wa kupika ugali. Ikikaa baridi, tatizo liko kwenye valvu au mbele yake. Ikipata joto bila valvu, basi tatizo liko ndani ya transfoma, yaani ni la mkono wangu. Mimi sidhani. Koili ile ya waya wa ndani niliizungusha mwenyewe, safu kwa safu, karatasi katikati, na ndiyo kazi yangu ya mwisho. Vidole sasa vinatetemeka. Hii ikiungua sina nyingine ya kukupa, na Silvanus wako anunue plastiki yake.

Halafu izime, uchomoe plagi, usubiri sana, kwa sababu kapasita hushikilia umeme hata plagi ikiwa nje, zina kinyongo kuliko mimi. Geuza bati uangalie chini. Niandikie kila waya unaotoka kwenye transfoma, rangi yake na unakokwenda. Na uniambie inavuma namna gani. Mimi nilipoijenga sauti sikuisikia, niliijua kwa kidole tu.

Kuhusu hilo jina, umefanya vema. Endelea hivyo hivyo.

Baba yako,
Patrisi


Sale, 20 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia chumvi ya Stumai bado ipo, maana yake unakula. Huku kuna homa ya mafua, nusu ya darasa inakohoa. Kwaya inafanya mazoezi hapa kwangu bila mashine.

Nimefanya ulivyosema. Niliporudi kutoka shule kula chakula cha mchana niliweka mkono. Nilifika "mkate wetu" nikautoa. Nilipochomoa valvu zote, joto lilipungua kidogo, lakini kwenye "kama tunavyowasamehe" nilikuwa nimekwisha kuondoa mkono. Kwa hiyo inapata joto hata bila valvu. Samahani, Baba. Najua hukutaka kusikia hivyo.

Nyaya ni hizi. Mbili nyeusi zinakwenda kwenye swichi na fyuzi. Mbili nyekundu zinakwenda kwenye ile valvu kubwa inayobadilisha umeme. Mbili za kijani, zimesokotwa, zinakwenda kwenye soketi za valvu nyingine, najua ndizo zako za volti sita. Na pale mwisho wa hizo za kijani zimeungwa mbili nyembamba, maungio yamefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea. Hizo zinatokea kwenye tundu la nyuma. Zinakoishia sijui.

Sauti yake ni kama nyuki kwenye mzinga uliofunikwa gunia. Ikishapata joto, mvumo unashuka, unakuwa kama mtu anayekoroma kwa puani mdomo ameufumba. Si mvumo wa kapasita, huo ungekuwa mkali zaidi na ungetokea kwenye spika. Huu unatoka kwenye chuma.

Nakungoja. Pasaka si mbali.

Mwanao,
Leonida


Karatu, 10 Machi 2025

Leonida,

Marahaba. Mimi mzima. Stumai mzima. Mvua bado. Habari za nyumbani zimeishia hapo.

Wewe tangu utoto hujui tofauti ya mvumo na mluzi. Nilikukalisha karakanani miaka yote hiyo, ukaishia kuwa mwalimu, na si vibaya. Lakini leo unaniandikia nyuki kwenye gunia, mtu anayekoroma kwa puani, mvumo wa chuma si wa kapasita. Maneno hayo nimeyasikia wapi? Niliyasikia katika karakana hii kabla sijaacha kusikia, na baada ya kuacha niliyasoma midomoni mwa mtu mmoja, wa pekee niliyeweza kumsoma, kila siku, mpaka siku nilipomwonyesha mlango.

Na uzi. Mimi waya siufungi kwa uzi, naufunga kwa tepu. Dunia nzima hakuna aliyewahi kufunga nyaya zangu kwa uzi wa kushonea isipokuwa mama yako, kwa sababu tepu ilikuwa inaisha na cherehani yake ilikuwa karibu. Kisha wewe, mwalimu, unaniambia hujui waya unakoishia katika nyumba unayoifagia mwenyewe.

Nakwambia unakoishia. Unapita ukutani mpaka chumba cha uani kisichokuwa na umeme, na mwisho wake kuna balbu ya pikipiki ya zamani, ya volti sita, ya taa ya mbele. Nilimfundisha mimi. Ulipozaliwa, taa ya ukutani ilikuwa inamwumiza macho, na nilivuta waya kutoka redio kubwa ya dukani, nikamwekea taa kando ya kitanda akunyonyeshe. Transfoma ile ilikuwa ukubwa wa tofali, ingewasha mtaa. Hii yako ni ndogo, nimeipimia valvu zake na si zaidi. Ndiyo maana inachemka hata valvu zikiwa mezani. Kuna mtu anakula humo ambaye hakupikiwa.

Unajua alichonifanyia, lakini nakuandikia ili usijifanye umesahau. Siku ya mnada, karakana imejaa watu, nimemkabidhi mteja redio yake na kumwambia imepona. Kumbe inapiga yowe. Watu wakacheka. Naye akatoka nyuma ya cherehani akasema mbele ya wote, "Mzee hasikii, nipeni mimi." Kabla jua halijatua Karatu yote inajua fundi redio wao ni kiziwi. Nani anampelekea kiziwi redio? Alinivua nguo mnadani. Nikamwambia aende kwao Mbulu, akaenda, na mimi nikadhani yuko huko.

Kata waya huo. Sikujenga mashine ya kanisa ili imwangazie yeye. Ukishaukata, weka mkono, usali, uniandikie.

Patrisi


Sale, 24 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Nimeanza na shikamoo kwa sababu ndivyo mlivyonilea, nyote wawili.

Ndiyo, Mama yuko hapa. Alifika kabla ya Krismasi, ameshuka kwenye lori la mahindi, amekonda hata sikumtambua. Ini limeharibika. Hospitali walituambia tumpe anachopenda kula na tusimsumbue. Chumba cha uani ndicho pekee nilichokuwa nacho, na hakina dirisha la maana. Nilimnunulia taa ya jua, akasema mwanga wake mweupe unamchoma macho. Siku moja nikarudi kutoka shule nikamkuta ameketi chini, bati la amplifaya limegeuzwa, ana sindano ya kushonea mdomoni. Aliniambia, "Baba yako alikuwa ananifanyia hivi." Mimi nitamkataza vipi? Nilikuficha, na nilipoona joto linazidi nikajipa moyo kwamba balbu moja haiwezi kuwa na neno, kwa kuwa nyumbani kwetu haikuwa na neno. Hapo umeshinda, mimi sijui transfoma.

Lakini habari ya mnada, Baba, na mimi nilikuwepo. Yule mteja alikuwa ameshaanza kukuita tapeli. Alikuwa anasema umeiba spea, umemrudishia redio mbovu makusudi. Wewe ulikuwa unamtazama na kutabasamu kwa sababu hukusikia hata neno moja. Mama alichagua uitwe kiziwi kuliko kuitwa mwizi. Miaka yote umemhukumu kwa neno moja alilosema, wakati yale ambayo yule mtu alikuwa anasema hukuyasikia wala hukuuliza.

Barua yako sikumsomea. Nilimwambia tu umesema balbu imezidisha mzigo. Akasema, "Basi amejua." Akaomba nimshike mkono, akaenda mwenyewe mpaka sebuleni, akakata uzi kwa meno na kuzitoa zile nyaya mbili. Akaniambia nikuandikie kwamba transfoma yako haina kosa, na kwamba ni kazi safi.

Nimeweka mkono. Nimefika Amina.

Sasa anakaa gizani, mlango tunauacha wazi mchana ili apate mwanga wa uani, na kuku wanaingia. Halalamiki. Mimi ndiye ninayelalamika. Baba, sikuombi umsamehe, hiyo ni yako na Mungu wako. Nakuomba upande basi kabla mvua hazijakata barabara, uje ukae naye hata mchana mmoja. Hataulizia ya nyuma. Anauliza tu kama bado unakunywa chai kwenye kile kikombe kilichovunjika mkono. Mwaka mwingine wa kuja haupo.

Leonida


Karatu, 11 Aprili 2025

Leonida,

Marahaba. Mvua zimeanza, tope mpaka mlangoni. Goti limevimba, nimefungwa kitambaa kama mtoto. Kusafiri siwezi. Usiniulize kama ni goti.

Ndani ya mfuko wa unga huu kuna transfoma. Ni ndogo, ya volti sita peke yake, imepimwa kwa balbu moja ya pikipiki na hakuna kingine. Nimeitengeneza kutokana na chuma cha redio ya zamani. Vidole vilinisumbua, na Stumai alikaa kunishikia waya usilegee, anaongea muda wote, na kwa mara ya kwanza nimemshukuru Mungu kwa masikio yangu. Nimempa dereva wa lori la saruji anayekuja huko, nikamwambia isilowe.

Nyaya nyeusi ni za umeme wa ukutani, na fyuzi nimeshaiweka. Za kijani ni za balbu. Maungio ya kijani sikuyafunga. Atayafunga mwenyewe anavyojua. Hii haichangii na kwaya wala na mtu yeyote, ni ya chumba kile. Iwake usiku na mchana akitaka.

Nimeiwekea mkono, nimesali, haina joto. Lakini sauti yake siijui. Vibati vya chuma visipokazwa sawasawa vinavuma, na mgonjwa hawezi kulala na kitu kinachovuma kando ya kichwa. Kwa hiyo aiwashe, aisikilize, akuambie, nawe uniandikie. Akisema inavuma, irudishe kwa lori hilo hilo, nitaikaza upya. Akisema haivumi, nitaamini. Katika hayo sikuwahi kumkuta na uongo.

Sijaandika kwamba nimesahau. Nimeandika habari za transfoma.

Kikombe bado ninacho.

Patrisi


Sale, 9 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Mvua zilikata barabara wiki nzima na zaidi, hakuna gari lililopanda wala kushuka. Mahindi ya bondeni yamezama. Yule pacha wa mbuzi aliyebaki amekua, anaruka ukuta.

Pasaka kwaya iliimba. Siku ya mazoezi ya mwisho tuliiwasha hapa sebuleni, na Mama alisikiliza kupitia ukuta. Tulipomaliza aliniita akasema, "Haivumi. Mwandikie." Nilimwambia nitakuandikia siku za shule zikitulia. Silvanus mwenyewe aliweka mkono juu ya transfoma mbele ya watu wote na kuuacha pale, na habari za plastiki hazisemi tena.

Mama alifariki Ijumaa baada ya Pasaka, mchana, mlango ukiwa wazi. Tumemzika hapa Sale, nyuma ya kigango. Alisema asipelekwe Karatu, wala asipelekwe Mbulu, kwa sababu kote huko kuna watu ambao wangelazimika kusema kitu. Ningeweza kumpigia simu Stumai akakuandikia kwenye karatasi siku ile ile. Simu niliishika. Nikasema, barabara imekatika na goti lake linauma, ya nini? Nilikuwa na hasira na wewe, na bado ninayo. Kwa hiyo umeipata habari kwa lori, kama ulivyoipeleka transfoma yako.

Lori lile lilikwama mtoni. Mfuko wa unga ulifika siku tulipokuwa tunarudisha viti vya matanga kanisani. Nilisoma barua yako nimesimama uani, watu wananipita na viti vichwani.

Jana nimeiunga. Za kijani nimezifunga kwa uzi mweusi, nimeukuta umebaki kwenye sindano yake. Sikufunga vizuri kama yeye. Nimeiweka kando ya kitanda chake, nimeiwasha, na balbu imewaka, ule mwanga wa manjano. Nimeweka mkono, haina joto kabisa. Hata bila kusali ningeweza kukaa pale mpaka jioni.

Kisha nikaweka sikio, kazi uliyomwagiza yeye. Nikafunga mlango, nikawanyamazisha watoto wa jirani, nikasikiliza tena. Kuna wakati nadhani nasikia kitu, kuna wakati nadhani ni sikio langu mwenyewe. Wewe ndiye uliyeandika kwamba mimi sijui tofauti ya mvumo na mluzi, na ni kweli.

Uliniagiza nikuandikie kama inavuma. Baba, sijui.

Mwanao,
Leonida